"Used to": zamani, mazoea au matumizi?

Mwombaji kazi anayeketi mbele ya jopo la usaili na kusema "I used to work hard" anadhani amejisifu. Wajumbe wa jopo wamesikia jambo jingine kabisa: kwamba zamani alikuwa mchapakazi, ila siku hizi ameacha. Mwenzake aliyeandika kwenye barua ya maombi "I am used to work under pressure" naye amekosea, ingawa kosa lake ni la namna nyingine. Na yule anayemwambia mgeni "I use to wake up early", akikusudia kwamba yeye huamka mapema, ana kosa la tatu. Yote matatu yametokana na maneno mawili mafupi, "used to".

Makosa haya yana mantiki, na mantiki yenyewe ni ya Kiswahili. Tunachukua sentensi iliyonyooka kwa lugha yetu, tunabadilisha neno moja moja kuwa la Kiingereza, kisha tunashangaa mwalimu akichora mstari mwekundu. Kwa kuwa tatizo linaanzia kwenye Kiswahili, dawa yake nayo imo humo humo. Kabla hujaandika "used to", jiulize kwa Kiswahili unataka kusema nini. Je, ni jambo la zamani ambalo limekoma? Je, ni jambo ulilolizoea? Au ni kitu kinachotumika kwa kazi fulani? Ukishapata jibu, umbo la sentensi linajulikana.

Kazi tatu, maumbo matatu

Zitazame sentensi hizi tatu kwa pamoja:

"Asha used to drive a lorry." Zamani Asha alikuwa akiendesha lori; sasa haendeshi.

"Asha is used to driving a lorry." Asha amezoea kuendesha lori, si kazi ngeni kwake.

"This key is used to start the lorry." Ufunguo huu hutumika kuwasha lori.

Sasa angalia kilichotangulia "used" na kilichofuata "to". Katika sentensi ya kwanza, hakuna kitu kati ya Asha na "used", na baada ya "to" kuna kitenzi kitupu, "drive". Katika ya pili, "is" imetangulia, na kitenzi kinachofuata kimebeba -ing. Katika ya tatu, "is" imetangulia pia, lakini kitenzi kinachofuata ni kitupu, na mtenda haonekani: kinachozungumziwa ni chombo kinachotumiwa.

Masikio nayo yanasaidia. Katika zamani na mazoea, "used to" husikika kama neno moja, "yuustu", kwa sauti ya s. Katika matumizi, s hiyo hugeuka z: "yuuzd tu". Mzungumzaji mzoefu hutofautisha maana kwa sauti hiyo hata kabla sentensi haijaisha. Hiyo "yuustu" ndiyo pia chanzo cha kosa kubwa la maandishi. Sauti ya d humezwa na t inayofuata, mtu haisikii, basi haiandiki: "I use to live in Tanga." Katika sentensi ya kawaida ya zamani, d haikosekani.

Zamani, na sasa basi

Kazi ya kwanza ndiyo iliyoipa "used to" nafasi yake miongoni mwa vitenzi visaidizi vya Kiingereza, japo ni kisaidizi cha tabia zake. Kina umbo moja tu la wakati uliopita. Hakibadiliki kwa nafsi: "I used to", "she used to", "they used to". Hakina wakati ujao, hakina wakati uliopo, na hakikubali "have" mbele yake.

Maana yake ina pande mbili. Upande wa kwanza, jambo lilikuwa la kawaida au la kudumu huko nyuma. Upande wa pili, ambao wengi huusahau, msikilizaji ataelewa kwamba jambo hilo halipo tena isipokuwa umweleze vinginevyo. "Kinshasa used to be called Léopoldville": jina hilo lilibadilishwa mwaka 1966. "Pluto used to be called a planet": iliitwa sayari hadi 2006, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipobadili fasili ya sayari. Hakuna haja ya kuongeza "but not now". Sentensi imeshalisema.

Kwa sababu hiyo, chunga unapozungumza na watu. "I used to love you" haimaanishi kwamba mapenzi yalianza zamani na bado yapo. Ni taarifa ya kuachana. Ukitoa rambirambi na kusema "He used to be my friend", waombolezaji wanaweza kuelewa kwamba mlikosana kabla hajafariki. Sema "He was my friend", au "He was a good friend to me". Na kwenye usaili, sifa uliyo nayo hadi leo iseme kwa wakati uliopo: "I work hard."

Mtego wa "nilikuwa"

Hapa ndipo Kiswahili kinapotutega zaidi. Umbo la "nilikuwa nafanya" lina kazi mbili. Mtu akisema "Nilikuwa nauza samaki", huenda anasimulia tukio: nilikuwa nauza samaki, mara mvua ikashuka. Huenda pia anasimulia kazi yake ya zamani: nilikuwa nauza samaki, sasa nina duka la vifaa vya ujenzi. Kwa Kiswahili muktadha hutenganisha. Kiingereza hutaka utenganishe kwenye kitenzi chenyewe.

Tukio lililokuwa likiendelea huchukua "was" au "were" pamoja na -ing: "I was selling fish when the rain started." Kazi au desturi ya zamani huchukua "used to": "I used to sell fish. Now I have a hardware shop."

Tofauti hii huwa na uzito katika maswali ya ofisini na hospitalini. Daktari akitaka kujua kama mgonjwa aliwahi kuwa mvutaji wa sigara, atauliza "Did you use to smoke?" Akiuliza "Were you smoking?", anauliza juu ya wakati fulani maalumu, kwa mfano pale moto ulipozuka chumbani. Polisi naye anayetaka kujua mtu alikuwa akifanya nini saa mbili usiku wa tukio atauliza "What were you doing at eight?" Akisema "What did you use to do?", atajibiwa habari za kazi ya ujanani.

Njia rahisi ya kupima: chomeka maneno "enzi hizo" mwanzoni mwa sentensi yako ya Kiswahili, na "siku hizi sivyo" mwishoni. "Enzi hizo nilikuwa nauza samaki, siku hizi sivyo" inakubali. Andika "used to". "Enzi hizo nilikuwa nauza samaki mvua iliposhuka, siku hizi sivyo" haina kichwa wala miguu. Andika "was selling".

Usiihesabu, usiipime muda

"Used to" haipendi idadi kamili wala muda kamili. Mfano mzuri tunao kwenye riadha. Mwaka 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wa Tanzania aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500. Rekodi hiyo ilidumu hadi 1979, ilipovunjwa na Mwingereza Sebastian Coe. Bayi alijulikana kwa kukimbia akiwa mbele tangu mwanzo, badala ya kuvizia mzunguko wa mwisho kama wengine.

"Filbert Bayi used to hold the world record." Sahihi. Kushikilia rekodi ni hali iliyodumu, na sasa haipo.

"Filbert Bayi used to set a world record in 1974." Kosa. Kuweka rekodi ni tukio la mara moja, lina tarehe yake. Sema "set a world record in 1974".

"He used to hold the record for five years." Kosa. Muda umeshatajwa wote, mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo wakati uliopita wa kawaida unatosha: "He held the record for five years."

"He used to lead from the start." Sahihi. Ndiyo iliyokuwa desturi yake ya kukimbia.

Kanuni ni hii: ukitaja jumla ya muda, kama miaka mitano au miezi miwili, au jumla ya mara, kama mara tatu, tumia wakati uliopita wa kawaida. "I lived in Mwanza for four years." "I went to Kampala three times." Lakini kiwango cha kurudiarudia kinaruhusiwa, kwa kuwa hakifungi hesabu: "I used to go to Kampala three times a year" ni sahihi kabisa.

Kukanusha na kuuliza

Kukanusha huwachanganya hata wenye lugha yao. Njia ya kawaida leo ni kuleta "did". Na "did" ikishaingia, imeshabeba wakati uliopita, kwa hiyo kitenzi kinachofuata hurudi katika umbo lake la msingi. Ni kama vile "I went" inavyogeuka "I didn't go". Basi "I used to" inakuwa "I didn't use to", bila d.

"I didn't use to like okra." Zamani sikuwa nikipenda bamia. Msikilizaji ataelewa kwamba sasa unaipenda.

"Did you use to live in Tabora?" Je, zamani ulikuwa ukiishi Tabora? Jibu fupi ni "Yes, I did" au "No, I didn't".

Utakutana na "didn't used to" yenye d katika maandishi ya Waingereza na Wamarekani wenyewe. Kwa kuwa sauti ni ile ile, macho yao nayo yamelegea. Wewe kwenye mtihani na barua rasmi andika "didn't use to", umbo linalofuata kanuni na ambalo halitakukosesha alama. Katika vitabu vya zamani utaona pia "used not to" na swali "Used you to?". Yatambue unaposoma, ila yasikutoke mdomoni. Yana harufu ya kabati la karne iliyopita.

Ukiona "did" inakutia wasiwasi, kuna njia ya mkato iliyo sahihi na ya kupendeza: "never". "I never used to like okra." Hapo d inabaki mahali pake, na sentensi ina mkazo zaidi.

Kiulizi cha mwishoni nacho huchukua "did": "She used to teach here, didn't she?" Na ukikata sentensi, usiikate "to": "I don't play football now, but I used to." Ukiishia "but I used", umesema kwamba ulitumia, na msikilizaji atabaki akisubiri kujua ulitumia nini.

Hu- haina "used to"

Kiambishi hu- hakijifungi kwenye wakati. "Mama huchemsha maji ya kunywa" ni habari ya jana, leo na kesho. Mzungumzaji wa Kiswahili akitafuta kibebeo cha hu- katika Kiingereza, anaiona "used to" iliyobeba maana ya desturi, anaitoa d ili iwe ya sasa, na kupata "My mother use to boil water". Wengine huongeza s ya nafsi ya tatu: "My mother uses to boil water".

Ajabu ni kwamba umbo hilo liliwahi kuwa Kiingereza halali. Zamani kitenzi hiki kilitumika katika wakati uliopo kueleza desturi, na mfano upo katika Biblia ya King James ya mwaka 1611, Zaburi ya 119, aya ya 132. Baadaye wakati uliopo ulikufa, ukabaki uliopita peke yake. Kwa hiyo anayesema "I use to" leo ana hoja, ila wa kumwelewa wamezikwa zamani.

Desturi ya sasa husemwa kwa wakati uliopo wa kawaida: "My mother boils the drinking water." Umbo hilo peke yake linatosha kubeba hu-. Ukitaka mkazo, ongeza "usually", "always" au "every day": "I usually wake up at five."

"Would" ni ndugu, si pacha

Wasimuliaji wa Kiingereza hupenda kuanza na "used to", kisha kuendelea na "would" ili wasirudierudie. "Bayi used to lead from the start. He would go to the front on the first lap and stay there." Msomaji akishajua tuko zamani, "would" hubeba vitendo vilivyokuwa vikirudiwa.

Lakini "would" haibebi hali. Kuishi, kuwa, kumiliki, kujua, kupenda: hivi ni vya "used to" pekee. Ukiandika "Bayi would hold the record", msomaji atasikia nge yetu, angeishikilia rekodi, na atauliza: ingekuwaje? Basi andika "My grandfather used to have a coconut farm", usiandike "would have a coconut farm". Lakini "Every Friday he would walk to town" inafaa, maana kutembea ni kitendo na kilirudiwa kila Ijumaa. Kama huna hakika kitenzi chako ni hali au kitendo, baki na "used to". Hiyo inafaa kote.

Mazoea: kuna "to" nyingine

Kazi ya pili ya "used to" ni ya kuzoea, na hapa neno "used" ni kivumishi tu, kama "tired" au "afraid". Ndiyo sababu linahitaji "am", "is", "are", "was" na wenzake. Makosa ya Waswahili hapa ni mawili.

La kwanza linatokana na -me-. Tunasema "nimezoea", na -me- tumefundishwa kuigeuza "have". Hivyo inazaliwa "I have used to wake up early", au "I have used to this place". Kumbuka kwamba -me- hapa inaeleza hali uliyo nayo sasa, kama katika "nimechoka" au "nimelala". Hatusemi "I have tired". Tunasema "I am tired". Vivyo hivyo, "nimezoea" ni "I am used to".

La pili linatokana na ku-. Kwa Kiswahili, "kusoma" ni kitenzi na jina kwa wakati mmoja: nataka kusoma, kusoma kwake kunanifurahisha. Kiingereza hugawa kazi hizo, "to read" upande mmoja na "reading" upande mwingine. Katika "used to" ya mazoea, "to" si ile ya kitenzi. Ni kihusishi, na baada ya kihusishi hukaa jina. Ndiyo maana tunasema "I am used to traffic jams", nimezoea foleni. Ukiweka kitenzi mahali pa foleni, sharti kivae -ing ili kifanye kazi ya jina: "I am used to driving in traffic jams."

Jaribio ni moja tu. Mahali pa kitenzi chako weka jina kama "noise" au "cold weather". Jina likikubali, kitenzi nacho lazima kiwe na -ing. "I am used to noise": limekubali. Basi ni "I am used to working under pressure". Jaribu kwenye zamani: "I used to noise". Limekataa. Basi hapo kitenzi kinabaki kitupu: "I used to work."

Ukilishika hilo, utakuwa umepona na kosa jingine linalofunga barua nyingi za maombi. "I look forward to hear from you" ina ugonjwa ule ule. "To" hiyo pia ni kihusishi, kwa hiyo ni "I look forward to hearing from you".

Kwa kuanza kuzoea, Kiingereza huleta "get": "I am getting used to the cold", "You will get used to it", "She got used to living alone", "They haven't got used to the food yet". "Get" na "be" hukubali nyakati zote, tofauti na "used to" ya zamani iliyofungwa kwenye wakati mmoja. Kwa hiyo ukikutana na "will" au "have been" mbele ya "used to", ujue upo kwenye mazoea au matumizi, wala si zamani.

Tahadhari moja. Kiswahili hutumia "alizoea" hata kwa desturi ya zamani: "Marehemu babu alizoea kukaa barazani jioni." Hapo hatusemi kwamba kukaa barazani hakukumpa tabu, tunasimulia kawaida yake. Hiyo ni "My late grandfather used to sit on the verandah in the evening". Usikimbilie "was used to" kwa kuona tu neno "zoea". Jiulize kama unaweza kuongeza "haikumsumbua". "Alizoea njaa, haikumsumbua" inakubali: "He was used to hunger." Kwa babu barazani, nyongeza hiyo haina maana.

Matumizi

Kazi ya tatu haina mitego mingi. "Is used to" hapa ni kauli ya kutendwa ya kutumia, na mbele yake mara nyingi kuna kifaa, dawa, fedha au njia: "This machine is used to hull rice", "The money was used to build a clinic". Tamka kwa z. Wakati mwingine "is" haionekani, kama katika "the money used to build the clinic", yaani fedha zilizotumika kujenga zahanati. Hapo usiisome kama zamani. Fedha hazikuwa na desturi ya kujenga.

Jaribu mwenyewe

Tafsiri sentensi hizi kabla ya kutazama majibu yaliyo chini yake.

1. Zamani baba yangu alikuwa akivuta sigara.
2. Mimi husoma gazeti kila asubuhi.
3. Nimezoea kusafiri usiku.
4. Tulikuwa tunakula umeme ulipokatika.
5. Aliishi Mombasa miaka minane.
6. Je, zamani mlikuwa mkifuga ng'ombe?
7. Bado hawajazoea baridi ya Toronto.
8. Kisu hiki hutumika kuparia samaki.
9. Zamani sikuwa nikinywa kahawa.
10. Alizoea kutuletea maembe kila msimu.

Majibu:

1. "My father used to smoke." Desturi iliyokoma.
2. "I read the newspaper every morning." Hu- ya sasa, hakuna "used to".
3. "I am used to travelling at night." Jina lingekaa hapo, kwa hiyo -ing.
4. "We were eating when the power went off." Tukio lililokuwa likiendelea.
5. "She lived in Mombasa for eight years." Jumla ya muda imetajwa. Kama ni mwanamume, anza na "He".
6. "Did you use to keep cattle?" "Did" imebeba wakati, d imeondoka.
7. "They haven't got used to the cold in Toronto yet." "They are not used to the cold in Toronto yet" nayo ni sahihi.
8. "This knife is used to scale fish." Matumizi, kwa sauti ya z.
9. "I didn't use to drink coffee", au "I never used to drink coffee".
10. "He used to bring us mangoes every season." Neno ni zoea, maana ni desturi ya zamani. Kwa kuwa kuleta ni kitendo kilichorudiwa, "He would bring us mangoes every season" nayo inafaa, mradi msomaji ameshajua kwamba habari ni ya zamani.

Ukikosa la 3 na la 7, rudia sehemu ya mazoea. Ukikosa la 4 na la 5, tatizo lako liko kwenye "nilikuwa" na kwenye hesabu ya muda. Ukikosa la 2 peke yake, una kazi ndogo tu ya kuisahau "I use to".

Kisha fungua barua yako ya mwisho ya maombi ya kazi, au insha yako ya mwisho ya Kiingereza, na utafute kila mahali ulipoandika "used to" au "use to". Katika kila sentensi fanya mambo mawili: tazama kama kuna "am", "is", "was" au "get" mbele ya "used", kisha soma kwa Kiswahili ulichokusudia. Sentensi inayosema "siku hizi sivyo" wakati wewe ulitaka kusema "hadi leo" ibadilishe kwanza kabla ya nyingine zote. Hiyo ndiyo inayoweza kukukosesha kazi.